Waya wa Mdomo Mpana

Tuseme ukweli mapema ili tusisumbuane mbele ya safari: Agwang alikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo wa kununa jioni moja ukapona asubuhi. Wa kwake ulikuwa umehamia kabisa, umepanga vyombo na kujuana na majirani. Na kilichouleta ndani ya nyumba kilikuwa kitu cheusi cha kutosha kiganja, diski ya kompyuta ya kutembea nayo, ambayo mume wake Edimu aliivalisha soksi ya mtoto isije ikagongwa njiani.

Edimu alikuwa mtu wa kijiji cha Kwapa, na kazi yake ilikuwa kupiga video. Mazishi, harusi, siku ya msichana kutambulisha wakwe kwao, popote watu walipofunga turubai na kuinjika masufuria, utamkuta kapiga goti na kamera begani. Agwang naye alikuwa fundi wa simu na kompyuta pale Busia, upande wa Uganda, kibanda chake kikitazama barabara ambako malori hupanga foleni kungoja forodha. Fundi kwelikweli, si wa kubahatisha. Hata Wakenya walivuka mpaka na simu zao zilizoanguka chooni kumtafuta yeye.

Zamani walifanya kazi pamoja. Edimu akirudi na picha, Agwang alikaa kwenye kiti mbele ya kompyuta, mumewe akavuta kigoda akakaa ubavuni, wakaanza kukata na kuunga. Edimu alikuwa akisema, "Hapo, kata hapo," na mkono wa Agwang ulikuwa umeshakata. Walicheka peke yao kama wendawazimu wakimwona mzee fulani akisinzia katikati ya hotuba ya mchungaji. Kila aliyekuja kuchukua kazi yake alisikia sentensi ileile kutoka kwa Edimu: hakuna anayekata kama mke wangu. Agwang alijifanya hasikii, lakini aliisikia vizuri sana.

Kisha akazaliwa Dorcas. Simu za watu zikaongezeka mezani. Kamera mpya ikaleta picha nzito ambazo kompyuta yao kuukuu ilizimeza kwa shida, inakohoa, inazima. Edimu akasikia kwamba Tororo kuna mwanamke mmoja anaitwa Patience, ana mashine yenye nguvu na anajua kukata. Akamwuliza mkewe. Na nani alisema nenda? Agwang mwenyewe. Alikuwa amebana simu ya mtu kwa koleo, hata hakuinua macho. "Mpelekee huyo," alisema, "mimi nina kazi za watu hapa." Hakuna aliyemsukuma kutoka kwenye kile kiti. Aliinuka kwa miguu yake, na jambo hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana ukiwa na hasira halafu huna wa kumkasirikia, hasira inaanza kutafuta mtu.

Ikampata Patience. Hakuwa amemwona hata siku moja, lakini alimjua. Alijua kiuno chake, alijua sauti yake, alijua hata sufuria anazompikia Edimu. Kila wiki diski ilivaa soksi ya Dorcas ikaenda Tororo, na Edimu alirudi amechangamka, ana hadithi, halafu katikati ya hadithi anakatiza: "Aa, ungekuwepo ndiyo ungeelewa." Jamani, mwanaume gani anamwambia mkewe maneno hayo?

Basi Jumapili moja, wametoka kanisani, Edimu akaingia kuoga. Agwang hakungoja hata avue koti lake la kanisani, lile la rangi ya zambarau lenye mifuko mirefu. Alifungua begi la mumewe akamwaga kila kitu kitandani. Alikuwa akitafuta nini? Kitambaa, risiti ya hoteli, unywele, chochote. Alikuta betri za kamera, njugu zilizokauka, diski ndani ya soksi yake, na nyaya ambazo hata hakuziangalia ni za nini. Alipekua mpaka mishono ya begi. Akasikia maji ya kuoga yamenyamaza, akarudisha vitu haraka haraka, akafunga zipu, akakaa kitandani kama mtu aliyekuwa akisali.

Jumatatu Edimu aliuliza swali moja tu, tena kwa upole. "Mama Dorcas, hujauona waya wangu wa diski?"

"Waya wako unakujua wewe unakouacha," Agwang akajibu.

Edimu alimtazama kidogo, akachukua kikombe chake cha chai, akatoka nje.

Sasa, waya wenyewe si waya wa kawaida. Ule wa diski una mdomo mpana, kama midomo miwili iliyoungana, na ukiupoteza huupati kwa kila mchuuzi. Inabidi uvuke upande wa Kenya kwa Odhiambo muuza nyaya ukaombe Mungu awe nao. Ila kuna udanganyifu mmoja ambao watu wa pale wanaufanya kila siku: waya wa kuchaji wa simu za zamani unaingia nusu ya tundu la diski. Unaingia vizuri, taa inawaka, ukiigusa diski unasikia inazunguka, moyo unafurahi. Kompyuta sasa, haioni kitu. Kwa sababu waya mwingi wa bei rahisi wa mpakani unapitisha moto wa kuchaji basi, njia ya kupitisha mafaili hauna kabisa. Agwang alishaona watu wazima wakilia mbele yake wakidhani diski imekufa na picha za marehemu wao zimekufa nayo, kumbe ni waya.

Jumatano Edimu akaja kibandani akaweka diski mezani, soksi pembeni, na waya wa simu umechomekwa. Alisema kompyuta haiitambui. Alisema pia kitu ambacho Agwang alikijua tayari, kwamba ndani yake kuna mazishi ya mzee mmoja wa Osukuru, na Jumamosi ni lumbo, ile siku Wajopadhola, watu wa huko, wanapofunga msiba wa marehemu, na familia imeomba mazishi yale yaonyeshwe kwenye turubai mbele ya ukoo mzima. Hakuna nakala nyingine ya picha zenyewe, ila vile vipande vichache Patience alivyokwisha kukata. Jumamosi ikifika hakuna kitu, Edimu hatapiga tena video Osukuru wala kijiji kinachopakana na Osukuru.

Agwang aliutazama ule waya mara moja akajua ugonjwa. Mtu mwingine angecheka, angefungua droo, angetoa waya wa mdomo mpana wa akiba aliouchomoa kwenye diski ya mteja iliyoungua, na mambo yangeisha kabla chai haijapoa. Lakini akilini mwake lilipita jambo moja tu: waya wa mume wangu uko Tororo, umelala mezani kwa Patience, na mwanaume hasahau waya mahali ambapo hajavua viatu.

"Iache hapa," akamwambia. "Inaonekana inaumwa."

Edimu akasimama kidogo. Akauliza inaumwa sana? Agwang akasema hajui, atapima. Edimu akasema, "Sawa, mama," akaondoka taratibu, na Agwang akafikiri ni huzuni ya diski.

Alipopotelea nyuma ya malori, Agwang akafungua droo, akachomeka waya wa akiba kwenye kompyuta yake kuukuu. Kompyuta ikalia ting, diski ikafunguka, folda zote zimejipanga, nzima na zenye afya. Akaanza kupekua tena. Mazishi, harusi, mazishi. Aliangalia folda moja moja akitafuta picha ya mwanamke amelalia bega la mtu, na kadiri alivyokosa ndivyo alivyozidi kuamini, kwa kuwa moyo wenye wivu ukikosa ushahidi unasema wameufuta.

Kisha akafika kwenye kipande kimoja ambacho kamera ilisahauliwa ikiwaka juu ya meza. Haikuonyesha kitu, ukuta tu na ncha ya pazia. Ila sauti zilikuwepo. Mwanamke anacheka. Edimu anacheka naye. Halafu Edimu anasema, na Agwang alirudisha nyuma akasikiliza tena ili ahakikishe amejiumiza vizuri: "Wewe, hakuna anayekata kama wewe." Kipande kikaishia hapo.

Afadhali angeona bega. Bega angelijua la kulifanya.

Kesho yake alifunga kibanda, akamwacha Dorcas kwa jirani, akavaa. Alivaa kama mtu anayekwenda kuposa: gauni la kitenge jipya, hereni, na juu yake lile koti la zambarau la kanisani, maana alitaka Patience huyo akiona aone. Diski akaitia kwenye mkoba. Alipanda teksi mpaka Tororo na hakukumbuka hata kama njiani walisimama, kwani alikuwa akifanya mazoezi ya maneno.

Nyumba ya Patience ilikuwa chini ya ule mwamba mkubwa wa Tororo, na haikuwa vigumu kuipata. Barazani alikaa mama mtu mzima akimenya njugu kwenye ungo, Awor, mama yake Patience. Ndani, mbele ya kompyuta kubwa, alikuwa Patience mwenyewe, na pembeni mwanaume wa makamo, Odoi, mtoto wa yule marehemu wa Osukuru, aliyekuja kuchagua picha ya baba yake itakayofungua video. Nami ningependa kuwaambia kwamba Patience alikuwa mzee, au ana chongo, au ana watoto saba migongoni. Hapana. Alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri kuliko Agwang alivyoogopa, na alikuwa amekaa kwenye kiti chake kwa raha ya mtu anayeijua kazi yake.

Ubavuni mwa kiti kile palikuwa na kigoda. Odoi ndiye aliyekikalia siku hiyo, lakini Agwang hakumwona Odoi. Aliona kigoda.

Patience alisimama kumkaribisha, akamwita mama Dorcas hata kabla hajajitambulisha, akauliza diski imepona? Edimu alimwambia kwamba inaumwa. Agwang akasema amekuja kuchukua waya wa mume wake. Patience akasema waya haupo, Edimu kila akimaliza anaukunja mwenyewe anautia begini. Akafungua droo yake aonyeshe, kwamba yeye ana wake.

Hapo maneno ya mazoezi yote yakapotea, yakaja yale ambayo hayakufanyiwa mazoezi. Agwang alimwambia kwamba mwanaume anayesahau waya kwa mwanamke amesahau na vingine. Alimwambia amechoshwa na watu wanaojifanya wanakata video kumbe wanakata nyumba za wenzao. Alisema mengi, tena kwa sauti ya sokoni, na akayasema kwa Kiswahili ili kila mmoja pale aelewe, yeye wa kabila la Wateso na wao Wajopadhola. Odoi aliinamisha kichwa akakodolea magoti yake. Huko barazani njugu ziliacha kuanguka kwenye ungo.

Patience hakujibu tusi hata moja. Alinyoosha mkono. "Nipe diski, mama," alisema. "Nakupa kazi yote niliyofanya. Na za harusi. Mimi kwa mume wako nimemaliza."

Akachomeka diski kwa waya wake mwenyewe, ikafunguka bila kinyongo, na akaanza kunakili kila kitu. Sasa, mafaili ya video ni mazito, hayajali kama umetukanwa. Ule mstari wa kijani ulitambaa polepole kwenye kioo, na Agwang hakuweza kuondoka bila diski, wala hakuweza kukaa. Awor akaingia na chai. Mgeni ni mgeni, hata akija na mdomo wake. Aliyekanyaga nyumba hatoki mkavu. Alimwekea kikombe, sahani ya njugu za kukaanga, akamwambia kaa mwanangu, unywe. Palikuwa pamebaki nafasi moja tu ya kukaa, kwani Odoi alikuwa ametoka nje kupiga simu. Agwang akakaa kwenye kigoda.

Wakakaa hivyo, aliyetukana na aliyetukanwa, mabega karibu kugusana, wakitazama mstari. Kwenye kona ya kioo ilikuwa imebaki kazi ya mazishi, imesimama pale Patience alipoishia. Jicho la Agwang likaenda lenyewe, likaona namna alivyokata: ameacha uso wa mjane ukae sekunde chache zaidi kabla ya kuonyesha jeneza. Palikuwa pazuri. Yeye mwenyewe angekata palepale. Akasikia machozi yanakuja, akatia mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta leso.

Vidole vikagusa kitu baridi kilichokunjwa vizuri.

Hakuhitaji kukitoa. Fundi anaujua waya kwa kuupapasa. Mdomo mpana, kama midomo miwili iliyoungana. Akakumbuka kitanda, begi limemwagwa, na mkono wake wa kazi, ule ambao kwa miaka yote hauwezi kuona waya umetanda bila kuukunja kwenye vidole na kuutia mfukoni. Kibandani anafanya hivyo mchana kutwa na jioni anatoa mfukoni nyaya za watu kama mtu anayemwaga dagaa. Jumapili ile alivaa koti la kanisani, basi waya ukaingia mfuko wa kanisani. Ulikuwa huko tangu siku hiyo. Umepanda naye teksi, umesimama naye mlangoni, umemsikia kila neno.

Angeweza kusema. Nafasi ilikuwepo kubwa tu; chai ilikuwa ya moto, Awor amerudi kwenye njugu zake, Patience yuko karibu kiasi cha kunong'onezwa. Neno lilifika mpaka kooni. Lakini Patience akajisogeza kidogo kufikia kibodi, na mkono wake mwembamba ukapita mbele ya Agwang, na wivu ukasema: huyu? Umwombe radhi huyu? Agwang akaufumbata waya mfukoni. Akanywa chai yote. Mstari ulipojaa akaipokea diski, akasema asante ambayo hakuna aliyeisikia, akaenda zake.

Edimu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda Agwang aliporudi. Alimpisha afungue mlango, akaingia nyuma yake. Agwang akaweka mkoba mezani na kuanza kueleza kwamba diski imepata nafuu, kwamba alilazimika kuipeleka mahali.

"Patience amenipigia," Edimu akasema. "Na Odoi pia."

Agwang akaondoa mkono kwenye mkoba.

"Zipu ya begi langu iliharibika zamani. Sijawahi kuifunga mpaka mwisho. Jumapili nimetoka kuoga nikaikuta imefungwa mpaka mwisho, na wewe umekaa na koti." Hakupandisha sauti, Agwang alitamani angepandisha. "Jumatatu nikakuuliza. Jumatano nikakuletea diski na waya wa simu, wewe fundi, nikijua unaona. Nilitaka useme tu unatafuta nini. Ungesema, ningekwambia."

"Nilisikia unavyomwambia," Agwang akasema. "Kwamba hakuna anayekata kama yeye."

"Ndiyo, nilimwambia. Anakata vizuri." Edimu akafikiri kidogo. "Nilimwambia anakata kama wewe wa zamani. Kipande hicho hukukisikia kwa sababu betri iliisha."

Huenda ni kweli, huenda aliongeza palepale kwa huruma. Agwang hakujua na mpaka leo hajui. Alitoa waya mfukoni, akauweka mezani kati yao. Edimu aliukunjua, akaipachika diski kwenye ile kompyuta kuukuu, ikalia ting, na mazishi ya Osukuru yakajitokeza kwenye kioo, yamebaki nusu. Patience hatayamaliza. Odoi amesema lumbo haiahirishwi kwa ajili ya kelele za watu.

"Haya, mama," Edimu akasema. "Kiti chako hicho."

Agwang akavua koti la zambarau akakaa. Kompyuta ilikohoa, ikakubali. Mikono ilikumbuka yenyewe, kidole hiki hapa, kile pale, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili kifua chake kikalegea kidogo. Nyuma yake alimsikia Edimu akiburuta kigoda. Hakugeuka. Aliona mjane, aliona turubai, aliona uso unaosubiri, akauacha ukae pale kwa muda unaotosha, kisha akakata. Alikata pazuri, na mwenyewe alijua.

Akageuka kumwonyesha. Edimu alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda kando ya barabara, amewapa mgongo mkewe na kompyuta, anatazama malori yakisogea kuelekea forodha.